MTOTO WA JICHO: UANGAVU WA ISTILAHI NA UELEWA WA MARADHI YA LENZI

Ikisiri

Istilahi angavu, yaani ile inayojieleza kwa maana za maneno yanayoiunda, husifiwa kuwa rahisi kueleweka na kukumbukwa. Makala hii inachunguza istilahi moja ya aina hiyo, mtoto wa jicho, na kuonyesha kuwa uangavu wake humwelekeza msikilizaji kwenye picha isiyolingana na maradhi yenyewe. Inajadili muundo wa istilahi hiyo, upatanisho wake wa kisarufi, vitenzi vinavyoandamana nayo, na lugha anayoitumia mgonjwa kueleza mabadiliko ya kuona kwake. Makala inatoa hoja kwamba tatizo haliko kwenye jina peke yake bali kwenye vitenzi vinavyolifuata, na kwamba hapo ndipo marekebisho yanapoweza kufanyika bila kuliacha neno ambalo umma umekwisha kulizoea.

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya istilahi za Kiswahili, uangavu umehesabiwa kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sifa za istilahi bora, pamoja na usahihi, ufupi, uwezo wa kuzalisha istilahi nyingine na kukubalika kwa watumiaji. Istilahi huwa angavu pale ambapo msikilizaji anaweza kuikisia dhana kwa kuzijua maana za viambajengo vyake. Kwa kigezo hiki, presha ya macho huonekana kuwa bora kuliko glaukoma, na mtoto wa jicho kuwa bora kuliko katarakti. Hata hivyo, lipo swali linalostahili kuulizwa kabla ya sifa hiyo kutolewa: je, kile kinachoonekana kupitia istilahi angavu ndicho kilichopo?

Swali hili si la nadharia tupu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilieleza kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 ulimwenguni wana tatizo la kuona. Kwa makadirio ya shirika hilo, takriban watu milioni 94 kati yao wamepungukiwa uwezo wa kuona mbali au wamekuwa vipofu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Maradhi haya hutibika kwa upasuaji mfupi. Sababu za mgonjwa kutofika hospitali ni nyingi: gharama, umbali, uhaba wa wataalamu na kukosa mtu wa kumsindikiza. Katika nchi nyingi wanawake hufikiwa na tiba hii kwa kiwango kidogo kuliko wanaume. Makala hii haidai kuwa lugha ndiyo sababu kuu. Inachodai ni kwamba lugha ni mojawapo ya sababu, na kwamba ni sababu iliyo ndani ya uwezo wa wanaisimu.

2.0 Maradhi yenyewe

Ili jina liweze kupimwa, ni lazima kwanza dhana inayotajwa ieleweke. Nyuma ya mboni, yaani lile tundu jeusi la katikati ya jicho, kuna lenzi. Lenzi ni kiungo kidogo, angavu, kilichozungukwa na kifuko chembamba. Kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira. Lenzi imeundwa hasa kwa maji na protini zilizopangika kwa utaratibu unaoruhusu mwanga kupita. Utaratibu huo unapovurugika, protini hushikamana, mwanga hutawanyika, na lenzi hupoteza uangavu wake. Hicho ndicho kiitwacho mtoto wa jicho.

Mfano unaofaa ni ute wa yai. Ute mbichi hupitisha mwanga. Ukipikwa huwa mweupe. Hakuna kilichoongezwa ndani ya yai, wala hakuna utando uliofunika ute huo. Ni ute ule ule uliobadilika, na hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Ndiyo maana hakuna matone wala dawa ya kumeza iliyothibitika kuirudishia lenzi uangavu wake.

Chanzo kikubwa ni umri. Vyanzo vingine ni kisukari, jeraha la jicho, uvutaji wa sigara, mionzi ya jua ya muda mrefu, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi. Hapa pana jambo la kutisha: baadhi ya matone ya macho yana steroidi, na mtu anayeyatumia kwa muda mrefu bila ushauri wa daktari huweza kujiletea maradhi yale yale aliyokuwa akijaribu kuyaepuka.

Mabadiliko ya kuona hutegemea sehemu ya lenzi iliyoathirika. Kiini cha lenzi kinapoathirika, rangi hufifia na kuelekea umanjano, na mtu huanza kuona vya karibu kuliko vya mbali. Mzee aliyekuwa akitegemea miwani ya kusomea huweza hata kuiacha kwa muda, na nyumbani watu wakafurahi kuwa macho yake yamepona, kumbe ni dalili ya ugonjwa kuendelea. Sehemu za pembeni zinapoathirika, taa huonekana kuwa na miale. Sehemu ya nyuma, karibu na kifuko, inapoathirika, mgonjwa husumbuliwa na mwanga mkali na hushindwa kusoma mapema zaidi kuliko wengine. Wapo pia wanaoona kitu kimoja kuwa viwili hata kwa jicho moja. Yote haya hutokea polepole na bila maumivu.

3.0 Jina na muundo wake

3.1 Mtoto kama kitu kilichomo ndani ya kingine

Neno mtoto katika Kiswahili halimtaji binadamu mdogo au mnyama mdogo tu. Hutaja pia kitu kidogo kinachotegemea kikubwa au kilichomo ndani yake. Saraka huitwa mtoto wa meza, kwa kuwa huingia ndani ya meza na kutoka humo. Kwa mkabala huu, mtoto wa jicho ni kitu kidogo kilichomo ndani ya jicho. Tafsiri hii ina usahihi fulani: maradhi yamo ndani, hayako juu ya jicho.

Lugha za jirani nazo zimechagua picha za aina hiyo. Katika Kinyarwanda maradhi haya huitwa ishaza, neno linalotaja pia punje ya njegere. Picha hiyo ni ya kitu kidogo cha mviringo, na kwa umbo lake hailiachi mbali umbo la lenzi.

Sababu ya lugha kutumia picha si vigumu kuiona. Kiswahili kina majina ya asili ya sehemu za jicho zinazoonekana kwa nje: kope, nyusi, mboni, weupe wa jicho. Neno mboni lenyewe linaelekea kutokana na mzizi wa Kibantu wenye maana ya kuona, ambao umehifadhi sauti /b/ katika kubona ya Kinyarwanda na Kirundi na bona ya Kizulu, lakini umeipoteza katika -ona ya Kiswahili. Katika mboni sauti hiyo imelindwa na nazali iliyoitangulia. Hivyo, kwa mujibu wa lugha, mboni ndicho kiungo kinachoona. Lenzi haikuwa na jina kwa kuwa haionekani. Weupe ulipojitokeza katika mboni, maradhi yalipewa jina kwa sura yake ya nje, na kiungo kilichougua hakikutajwa.

3.2 Upatanisho wa kisarufi

Tazama tungo zifuatazo:

(1) a. Mtoto wa jicho anaondolewa kwa upasuaji.
    b. Ugonjwa wa mtoto wa jicho unatibiwa kwa upasuaji.
    c. Bibi ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili.
    d. *Bibi ana watoto wa macho.

Katika (1a) jina mtoto linavuta upatanisho wa viumbe hai. Katika (1b), mtindo uliozoeleka sana magazetini, mwandishi ametanguliza neno ugonjwa na hivyo kuuepuka upatanisho huo. Nyongeza hii si ya bure. Inaonyesha kuwa watumiaji wenyewe wanahisi ugumu wa kuyasema maradhi kana kwamba ni kiumbe. Tungo (1c) na (1d) zinaonyesha kuwa kirai hiki kimekwisha kuganda: hakiingii katika wingi hata pale macho yanapokuwa mawili. Kisarufi, basi, ni leksimu moja. Kisemantiki, hata hivyo, viambajengo vyake bado viko hai, na mtoto aliyemo ndani yake bado anasikika kuwa mtoto.

3.3 Kulinganisha na lugha nyingine

Kiswahili si lugha ya kwanza kuwa na jina lililobeba tiba ya kale. Waganga wa Kiarabu wa zama za kati waliyaeleza maradhi haya kuwa ni maji yanayoteremka ndani ya jicho, na hadi leo Kiarabu huyaita maji meupe. Katika karne ya 11, Constantinus Africanus alipokuwa akifasiri vitabu vya tiba vya Kiarabu kwa Kilatini, alitumia neno cataracta, lenye asili ya Kiyunani na linalohusu kitu kiporomokacho, kama maporomoko ya maji au lango la ngome linaloshushwa. Imani iliyokuwa nyuma ya neno hilo ilikuwa kwamba ute umeshuka na kuganda mbele ya lenzi.

Imani hiyo ilikanushwa mwanzoni mwa karne ya 18, pale Wafaransa Michel Brisseau na Antoine Maître-Jan walipoonyesha kuwa ni lenzi yenyewe iliyopoteza uangavu. Mwaka 1747 Jacques Daviel aliitoa lenzi hiyo nje ya jicho badala ya kuisukuma pembeni kwa sindano, kama ilivyokuwa desturi tangu kale. Tiba ilibadilika, dhana ikabadilika, lakini neno likabaki.

Tofauti iliyopo ni hii. Mzungumzaji wa kawaida wa Kifaransa anapoambiwa na daktari kuwa ana cataracte, haendi nyumbani akiwaza namna ya kuyazuia maji. Sitiari hiyo imekufa, au angalau imelala. Sitiari ya mtoto wa jicho iko macho. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua mtoto ni nini na anajua mambo yanayompata mtoto: huzaliwa, hukua, hukomaa. Uangavu wa istilahi ndio unaoiweka sitiari hii hai, na uhai wake ndio unaozaa vitenzi vinavyojadiliwa hapa chini.

4.0 Vitenzi vinavyoandamana na jina

(2) a. Mtoto wa jicho bado mchanga.
    b. Mtoto wa jicho hajakomaa.
    c. Mtoto wa jicho ameiva.
    d. Mtoto wa jicho amerudi.

4.1 Kukua, kukomaa na kuiva

Tungo (2a) hadi (2c) zina historia ya kitabibu. Kabla ya lenzi bandia kuenea, mgonjwa aliyetolewa lenzi yake alibaki bila lenzi kabisa na alilazimika kuvaa miwani minene iliyokuza vitu na kuyapunguza maono ya pembeni. Ilikuwa busara kumsubirisha hadi hali yake iwe mbaya kuliko hali aliyoitarajia baada ya upasuaji. Aidha, kwa mbinu za wakati ule, lenzi iliyokuwa ngumu na nyeupe kabisa ilikuwa rahisi zaidi kutolewa. Madaktari wa lugha za Ulaya nao walizungumza kwa sitiari ya kukomaa. Sitiari hiyo ilipoingia katika Kiswahili ilimkuta mtoto yupo tayari, na picha mbili zikashikana.

Mwaka 1949, mjini London, Harold Ridley aliweka lenzi bandia ndani ya jicho kwa mara ya kwanza. Mwaka 1967 Charles Kelman alianzisha mbinu ya kuivunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya kupitia tundu dogo. Katika hospitali nyingi za Afrika na Asia hutumika pia mbinu ya mkato mdogo isiyohitaji mashine ya gharama kubwa. Kwa mbinu zote hizi, jicho hutiwa ganzi, lenzi yenye ukungu huondolewa, sehemu kubwa ya kifuko chake huachwa, na lenzi bandia huwekwa humo. Upasuaji wenyewe kwa kawaida hauchukui hata saa moja.

Kutokana na mabadiliko hayo, sharti la kusubiri limekwisha. Kwa mtu mzima kipimo cha leo si ukomavu wa lenzi bali ni shughuli za mgonjwa: je, kuona kwake kunamzuia kufanya anayohitaji kufanya? Katika hatua za mwanzo, miwani iliyopimwa upya na mwanga mzuri wa kusomea huweza kutosha. Zikishindwa, upasuaji huzungumzwa. Kusubiri kupita kiasi kuna madhara. Lenzi iliyoachwa muda mrefu huwa ngumu na upasuaji wake huwa mgumu zaidi. Na huweza kuvimba au kuvuja, ikapandisha shinikizo la jicho na kuleta upofu usiotibika.

Hapa ndipo lugha inapoibakiza tiba iliyopita. Daktari amebadili kipimo, lakini kitenzi kukomaa kinaendelea kufanya kazi yake nyumbani kwa mgonjwa. Mtoto asiyekomaa hasumbuliwi; huachwa akue. Mantiki hiyo ni sahihi kwa mtoto na kwa embe, si kwa lenzi.

Madhara huongezeka pale maradhi mengine yanapochukuliwa kuwa mtoto wa jicho. Presha ya macho huua mshipa wa fahamu wa jicho, na kilichopotea kwa maradhi hayo hakirudishwi na upasuaji wowote. Tiba huokoa kilichobaki tu. Mgonjwa wa presha ya macho anayekaa nyumbani akisubiri mtoto wa jicho akomae anapoteza kila mwezi kitu kisichorudi. Istilahi presha ya macho nayo ina uangavu wa kupotosha, kwani huwafanya wengi wadhani kuwa mtu asiye na presha ya damu hawezi kuipata.

4.2 Kutoa na kurudi

Tungo (2d) husikika pale mgonjwa aliyepasuliwa anapoanza tena kuona ukungu baada ya miezi au miaka. Kwa mantiki ya istilahi, tungo hii haina kasoro: aliyetolewa anaweza kurudi. Kwa mantiki ya jicho, haiwezekani, kwa kuwa lenzi iliyougua haipo tena. Kinachotokea ni kuwa kifuko kilichoachwa nyuma ya lenzi bandia kimepoteza uangavu. Tiba yake ni mwale wa leza unaofungua tundu katika kifuko hicho kwa dakika chache, bila kulipasua jicho tena. Mgonjwa anayeamini kuwa mtoto amerudi huhitimisha kwamba upasuaji wa kwanza haukufaa kitu, na hitimisho hilo huwafikia majirani kabla ya ukweli.

5.0 Lugha ya mgonjwa katika kueleza kuona

5.1 Kitenzi -ona

Kitenzi -ona kina maana nyingi: kupata taswira kwa macho, kuhisi, kufikiri na kupata uzoefu. Husemwa kuona baridi, kuona uchungu, kuona haya. Kwa sababu hiyo maswali yaliyo katika (3) hayafai katika chumba cha uchunguzi wa macho:

(3) a. Unaonaje, Mzee?
    b. Siku hizi unaona vizuri?

Swali (3a) ni la kuomba maoni au kuuliza hali, na Mzee atajibu, kwa adabu, kuwa anaona nafuu au anaona ni heri. Swali (3b) linaelekea zaidi kwenye macho, lakini linamtaka mgonjwa alinganishe kuona kwake kwa leo na kuona kwa miaka iliyopita, jambo ambalo badiliko la polepole limemnyima uwezo wa kulifanya. Aidha, jicho moja zima huficha upungufu wa lingine. Maswali yanayofaa ni yale yanayoitaja kazi, mahali na saa:

(4) a. Bibi, jioni mjukuu wako akisimama mlangoni, unamtambua kabla hajasema?
    b. Ukichagua mchele, unaviona vijiwe?
    c. Ukikutana na gari usiku, taa zake zinakuzuia kuiona njia?
    d. Ukilifunika jicho la kulia, la kushoto linaona sawasawa na lile?

Kila swali katika (4) linalenga upungufu maalumu: (4a) utambuzi wa sura katika mwanga hafifu, (4b) uoni wa karibu, (4c) usumbufu wa mwanga mkali, na (4d) tofauti kati ya jicho na jicho. Hakuna hata moja linalohitaji istilahi ya kitabibu.

5.2 Rangi

Kiswahili kina vivumishi vya rangi vyenye mzizi wa asili vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa majina ya vitu au kwa maneno ya mkopo, kama kijani, manjano, samawati na buluu, na si ajabu kwa mzungumzaji mzee kuijumuisha buluu nzito katika -eusi. Kwa kuwa maradhi ya kiini cha lenzi huidhoofisha zaidi rangi ya buluu, mgonjwa anayesema nguo ni nyeusi huenda anatumia msamiati wa kawaida wa lugha yake, na huenda anaeleza dalili. Jibu peke yake halitoshi kutofautisha. Ni afadhali kumwonyesha kanga mbili, moja ya buluu nzito na nyingine nyeusi, na kumwomba azitenge, kuliko kumwomba ataje jina la rangi. Mchoraji wa Kifaransa Claude Monet, aliyepasuliwa jicho moja mwaka 1923, alifikia hatua ya kutegemea maandishi yaliyo kwenye vibweta vya rangi ili ajue ameshika rangi gani. Mtu aliyeishi kwa rangi alisalitiwa na macho yake. Si haki kutarajia uhakika zaidi kwa mtu asiyeulizwa kuhusu rangi maisha yake yote.

5.3 Kipofu na asiye kipofu

Katika matumizi ya kawaida, neno kipofu hugawa watu makundi mawili. Tiba haigawi hivyo. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, upungufu wa kuona huanza pale jicho lililo bora linaposhindwa kufikia 6/12, huwa wa wastani chini ya 6/18, mkubwa chini ya 6/60, na huitwa upofu chini ya 3/60, yaani mtu anahitaji kuwa karibu zaidi ya mita 3 ili aone kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60. Kati ya macho mazima na upofu kuna ngazi nyingi, na mtoto wa jicho huzishusha moja baada ya nyingine. Kiswahili kinayo njia ya kuzitaja: macho kufifia, kuingia kiza, uoni hafifu. Lakini maneno haya huambatanishwa na uzee kana kwamba ni haki yake, ilhali kipofu ndilo neno linalomsukuma mtu kutafuta msaada. Mgonjwa asiyejihesabu kipofu hajihesabu mgonjwa.

6.0 Watoto wenye mtoto wa jicho

Istilahi hii inaonyesha udhaifu wake mkubwa zaidi pale mgonjwa mwenyewe anapokuwa mtoto. Wapo watoto wanaozaliwa na maradhi haya, na kirai mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho kinamtaka msikilizaji atenganishe maana mbili za neno lile lile ndani ya pumzi moja. Ugumu wa kimtindo ni mdogo. Ugumu wa kimantiki ni mkubwa. Kama mtoto wa jicho wa mzee hungojwa akomae, wa mtoto mchanga, aliye mchanga maradufu, atangojwa zaidi.

Ukweli ni kinyume. Ubongo wa mtoto mchanga hujifunza kuona katika majuma na miezi ya mwanzo. Jicho lililofunikwa na lenzi nyeupe halipeleki taswira, na ubongo hulizoea kuwa halipo. Kwa ukungu mzito wa kuzaliwa nao, upasuaji hutakiwa katika majuma machache ya mwanzo ya maisha. Mtoto akicheleweshwa kwa miaka, lenzi yake huweza kubadilishwa vizuri kabisa na bado asione, kwa kuwa kilichokosekana sasa si lenzi. Zaidi ya hayo, weupe katika mboni ya mtoto huweza kuwa dalili ya saratani ya retina, ambayo huhatarisha maisha. Mzazi anayeuona weupe huo, hata ikiwa ni katika picha tu, hatakiwi kusubiri chochote. Hospitali zenye huduma za macho, kama KCMC mjini Moshi na CCBRT jijini Dar es Salaam, ndizo anazopaswa kuzifikia kwa haraka.

7.0 Mapendekezo

Njia moja ingekuwa kulifuta jina mtoto wa jicho na kuweka mahali pake katarakti. Makala hii haiipendekezi njia hiyo. Jina lililopo linajulikana na wengi na linasikika redioni na kliniki. Kuliondoa ni kumnyima mgonjwa neno pekee alilo nalo. Katarakti ingekuwa na usalama wa istilahi isiyo angavu, lakini pia ingekuwa na ukimya wake.

Njia inayopendekezwa ni kuliacha jina na kubadili vitenzi vyake, kwa kukirudisha katika sentensi kiungo ambacho jina limekiacha, yaani lenzi:

(5) a. Una mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho lako imeingia ukungu.
    b. Ukungu wa lenzi umeongezeka.
    c. Lenzi yenye ukungu itaondolewa na kuwekwa lenzi mpya.
    d. Kifuko cha lenzi kimeingia ukungu.

Tungo (5b) inachukua nafasi ya kukomaa, na (5d) nafasi ya kurudi. Sharti lisilosemwa la kungoja halimo tena. Neno lenzi limekwisha kuzoeleka kwa njia ya kamera na miwani, na halihitaji kufafanuliwa sana.

Haifai kudhani kuwa ukungu ni picha isiyo na gharama. Ukungu wa asubuhi hutoweka jua likichomoza, na mgonjwa anaweza kuyatarajia hayo hayo kwa jicho lake. Utando na pazia, maneno mengine yanayotumika, yana kasoro kubwa zaidi: utando hukwanguliwa na pazia hufunguliwa, na yote mawili huyaweka maradhi mbele ya jicho. Yanachanganya pia mtoto wa jicho na nyama inayoota kutoka pembe ya jicho au kovu la konea. Kwa hiyo inashauriwa kuwa maelezo ya ukungu yafuatwe na mfano wa ute wa yai, unaoeleza kwa pamoja kwa nini weupe umo ndani ya kiungo chenyewe na kwa nini matone hayausafishi.

Kwa watunga kamusi, pendekezo ni kwamba fasili ya kidahizo hiki itaje lenzi, na kwamba mifano ya matumizi isiwe na vitenzi kukomaa na kuiva. Mfano katika kamusi hufundisha mwandamano wa maneno hata pale fasili inaposomwa haraka.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa istilahi mtoto wa jicho ni angavu kwa maana ya kiisimu, na kwamba uangavu huo humpeleka msikilizaji kwa kiumbe kinachokua badala ya kiungo kilichobadilika. Kutokana na kiumbe huyo huzaliwa vitenzi kukomaa, kuiva na kurudi, na kutokana na vitenzi hivyo huzaliwa maamuzi ya kungoja. Inafuata kuwa kigezo cha uangavu hakitoshi kikitumiwa peke yake. Istilahi ya tiba inafaa kupimwa pia kwa vitenzi inavyovialika na kwa matendo ambayo vitenzi hivyo humwelekeza mgonjwa kuyatenda.

Kazi iliyobaki ni ya uwandani. Miandamano ya maneno katika kliniki za macho haina budi kukusanywa kwa sauti, katika lahaja na maeneo mbalimbali, na kulinganishwa na hatua ambazo wagonjwa huchukua baada ya mazungumzo hayo. Mwanafunzi wa isimu atakayeifanya kazi hiyo atafaa aketi katika benchi la kusubiria kabla ya kuingia katika chumba cha daktari, kwa kuwa huko ndiko mtoto wa jicho anakozungumzwa kwa vitenzi vyake kamili.